Forel: Daktari wa Uswisi aliyeunganisha mataifa kupima barafu za dunia

KABLA ya mwaka 1894, taifa lililokuwa na milima yenye barafu lilipima barafu hiyo kivyake, iwapo lilipima. Mkulima wa bondeni nchini Uswisi alifahamu kwamba barafu ya mlima uliokuwa juu ya kijiji chake ilikuwa imesogea au imerudi nyuma. Mwenzake wa Norway aliyafahamu ya kwao. Hata hivyo, hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwa yakini iwapo barafu za ulimwengu zilikuwa zikipungua kwa wakati mmoja au la.

Aliyeongoza juhudi za kwanza za kuziweka taarifa hizo katika daftari moja ni François-Alphonse Forel, daktari aliyekuwa akifundisha anatomia, na ambaye kwa miaka mingi alitumia saa zake za ziada kulichunguza ziwa la kwao.

Miongoni mwa wanasayansi, jina lake hutajwa hasa kama mwasisi wa limnolojia, yaani elimu ya maziwa na maji mengine ya bara. Lakini sehemu ya kazi yake inayomgusa kila mtu leo ni ile ya kuyashawishi mataifa yapime kwa njia zinazolingana, yaandike matokeo yao na kuyapeleka mahali pamoja kila mwaka.

Forel alizaliwa Februari 2, 1841 katika mji mdogo wa Morges, jimbo la Vaud, kando ya Ziwa Geneva ambalo wenyeji wake huliita Léman. Ziwa hilo lina ukubwa wa takriban kilomita 580 mraba, kina chake kirefu zaidi hufikia takriban mita 310, na maji yake yamegawanywa baina ya Uswisi na Ufaransa.

Babake alikuwa mpenzi mkubwa wa historia ya eneo hilo. Mnamo 1854, mwanawe akiwa na umri wa miaka 13, wataalamu walianza kuchunguza mabaki ya makazi ya kale yaliyojengwa juu ya nguzo na ambayo yalikuwa yamezama majini karibu na Morges. Mzee huyo alikuwa mmoja wa waliohusika na uchunguzi huo. Hivyo, kijana Forel alilelewa katika nyumba ambamo ziwa halikuwa mandhari ya kutazamwa tu, bali jambo la kuulizwa maswali.

Alisomea Geneva, kisha akaelekea Montpellier na Paris nchini Ufaransa, na hatimaye Würzburg nchini Ujerumani alikohitimu udaktari. Aliporejea nyumbani, aliajiriwa mwaka 1870 kufundisha anatomia na fiziolojia katika Akademia ya Lausanne, taasisi iliyopandishwa hadhi kuwa chuo kikuu mnamo 1890. Alidumu katika kazi hiyo kwa robo karne.

Mafunzo hayo ya udaktari hayakupotea bure. Forel alilitazama ziwa jinsi tabibu anavyoutazama mwili wa mgonjwa. Alipima joto lake, mapigo yake, rangi yake, maji yanayoingia na yanayotoka, na viumbe wanaoishi ndani yake. Hakukubali kwamba sehemu moja ingeeleweka bila ya nyingine.

Ugunduzi wake wa kwanza mkubwa ulitokea mwaka 1869. Enzi hizo, wasomi wengi waliamini kuwa vilindi vya maji, palipo na giza, baridi na uzito mkubwa wa maji, havikuwa na uhai. Forel aliteka matope kutoka chini ya ziwa karibu na Morges kwa nia ya kuchunguza mashapo yenyewe. Alipoyatazama kwa hadubini, alikuta mnyoo mdogo ukisogea.

Mnyoo huo ulimfanya arudi tena na tena kwenye vilindi hivyo. Kwa miaka iliyofuata, alipata humo minyoo, konokono na viumbe wadogo wa jamii ya kamba, na akawagawia wataalamu wa nchi mbalimbali ili wawatambue. Mmoja wa viumbe hao, mdogo na asiye na macho, alipewa jina la kisayansi linalomuenzi Forel. Ikawa wazi kuwa chini ya ziwa kulikuwa na ulimwengu mzima ambao hakuna aliyekuwa ameupa nafasi.

Swali la pili lilihusu jambo ambalo wavuvi na wakazi wa Geneva walikuwa wamelizoea tangu jadi. Mara kwa mara, bila ya mvua wala mafuriko, maji ya ziwa hupanda ufuoni, yakashuka, kisha yakapanda tena kwa mpangilio maalumu. Wenyeji waliliita tukio hilo seiche, na maelezo yake yalikuwa yameandikwa tangu karne ya 18. Mnamo 1841, mwaka aliozaliwa Forel, tofauti baina ya kupanda na kushuka kwa maji mjini Geneva ilikaribia mita 2.

Zilitolewa sababu nyingi, zikiwemo upepo, kuyeyuka kwa theluji na mabadiliko ya shinikizo la hewa. Forel alianza kwa kukaa bandarini Morges akiwa na kifaa sahili alichokibuni mwenyewe cha kuonyesha iwapo maji yalikuwa yakiingia au yakitoka. Baadaye alitengeneza mtambo uliochora mabadiliko ya kina usiku na mchana.

Alichobaini ni kwamba ziwa zima hutikisika kama maji yaliyo ndani ya karai lililoinamishwa kisha likaachwa. Upande mmoja ukipanda, ule wa pili hushuka. Upepo mkali au tofauti ya ghafla ya shinikizo la hewa ndiyo hulisukuma karai, na baada ya hapo maji huendelea kwenda na kurudi yenyewe. Kwa urefu wa Ziwa Geneva, safari moja kamili ya kwenda na kurudi huchukua dakika zipatazo 73.

Ndani ya ugunduzi huo mlikuwa na funzo lililoongoza maisha yake yote. Mtu aliyesimama Morges peke yake, hata angekuwa na bidii ya mchwa, asingeweza kulithibitisha jambo hilo. Ilibidi kuwe na mwingine aliyepima Geneva na mwingine kwenye ncha nyingine ya ziwa, saa zao zikilingana. Philippe Plantamour aliweka mtambo wake karibu na Geneva, naye Édouard Sarasin akabuni mtambo wa kubebeka uliohamishwa kutoka ufuo mmoja hadi mwingine. Walipoziweka karatasi zao pamoja, ziwa likajieleza.

Vipimo vya maji havikuwa mchezo wa wasomi pekee. Wakazi wa Vaud walilalamika kwa miaka mingi kuwa mitambo na vizuizi vilivyojengwa na Geneva mahali Mto Rhône unapotoka ziwani vilizuia maji na kufanya mashamba na nyumba zao za ufuoni zifurike. Geneva nayo ilikana. Kesi ikaanza mnamo 1877.

Katika mzozo wa aina hiyo, hoja haimalizwi kwa kelele bali kwa rekodi za kina cha maji za miaka mingi. Forel alikuwa miongoni mwa waliozikusanya na kuzichambua rekodi hizo katika kipindi hicho. Mnamo 1884, majimbo ya Vaud, Valais na Geneva yalitia saini mkataba wa kudhibiti kina cha ziwa, na mkondo wa kutokea maji ukarekebishwa. Majirani waliokuwa wakishtakiana wakawa na kipimo kimoja ambacho wote walikiamini.

Forel alichunguza pia jinsi maji ya Mto Rhône yanavyoingia ziwani. Maji hayo hutoka kwenye barafu, nayo ni baridi na yamejaa matope. Yanapofika ziwani hupotea machoni ghafla. Katika miaka ya 1880, alieleza kwamba maji hayo mazito huzama na kutiririka chini ya maji mepesi ya ziwa, yakichonga bonde refu sakafuni. Maelezo hayo yaliwasaidia wanasayansi wa karne ya 20 kuelewa mikondo ya matope inayotiririka chini ya bahari na kukata nyaya za mawasiliano.

Vilevile, mnamo 1890 alitayarisha kipimo cha rangi ya maji. Kilikuwa na vichupa vidogo vyenye vimiminika vilivyotoka rangi ya samawati hadi kijani na manjano, ambavyo mtazamaji alivilinganisha na maji yaliyo mbele yake. Willi Ule wa Ujerumani alikiendeleza kwa kuongeza rangi za kahawia, na kikajulikana kwa majina yao wawili. Kwa kuwa kipimo hicho ni rahisi na kimetumika kwa zaidi ya karne moja baharini na maziwani, rekodi zake za zamani zinaweza kulinganishwa na picha za satelaiti za sasa.

Katika fani ya mitetemeko ya ardhi pia aliacha alama. Akishirikiana na Mtaliano Michele Stefano de Rossi, aliandaa kipimo cha ngazi 10 cha kueleza nguvu ya tetemeko kwa kutazama athari zake, kuanzia mtikisiko unaohisiwa na mitambo pekee hadi maangamizi makubwa. Kipimo hicho kilimwezesha mtu yeyote, awe kasisi, mwalimu au mwenye duka, kutoa taarifa iliyoweza kulinganishwa na ya mwenzake wa mbali. Kilitumiwa hata kuchora ramani ya uharibifu baada ya tetemeko la San Francisco la mwaka 1906.

Hata hivyo, ni barafu za milimani zilizomtoa Forel nje ya mipaka ya Uswisi na kumfanya mratibu wa kimataifa.

Kufikia miaka ya 1850, barafu za milima ya Alps zilikuwa zimeteremka mbali mabondeni. Kisha zikaanza kurudi nyuma, ingawa baadhi zilisonga mbele tena kwa vipindi vifupi. Kwa watu wa mabondeni, hili lilikuwa suala la uhai na mauti. Barafu inaposonga huweza kuziba mto na kuunda ziwa ambalo siku moja hupasuka. Julai 1892, maji yaliyokuwa yamejikusanya ndani ya barafu ya Tête Rousse upande wa Ufaransa yalipasuka usiku na kuteremka hadi Saint-Gervais, yakiua watu zaidi ya 100.

Kuanzia 1881, Forel alichapisha ripoti ya kila mwaka kuhusu mabadiliko ya barafu za Uswisi. Njia iliyotumika ilikuwa rahisi. Alama ilipakwa kwa rangi kwenye mwamba ulio mbele ya barafu, na kila mwaka majira ya joto yalipomalizika, umbali kutoka kwenye alama hadi mwisho wa barafu ulipimwa kwa kamba. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na maafisa wa misitu waliokuwa wakizunguka milimani kwa shughuli zao za kawaida.

Ugumu haukuwa katika kupima mara moja. Ulikuwa katika kurejea mwaka uliofuata, na mwaka mwingine, kwenye alama ile ile, kwa njia ile ile, hata pale ambapo hapakuwa na habari yoyote ya kusisimua. Wengi hupenda kugundua, lakini ni wachache walio tayari kurudia.

Agosti 1894, wanajiolojia wa nchi nyingi walikutana mjini Zurich kwa kongamano lao la sita la kimataifa. Kwa pendekezo la Kapteni Marshall Hall wa Uingereza, kongamano hilo liliunda Tume ya Kimataifa ya Barafu za Milimani, na Forel akachaguliwa kuwa rais wake wa kwanza. Alishikilia wadhifa huo hadi 1897 alipompisha Eduard Richter wa Austria.

Tume hiyo ilikuwa na wawakilishi kutoka nchi za Alps, mataifa ya Skandinavia, Uingereza, Urusi na Marekani. Miongoni mwao walikuwa Sebastian Finsterwalder wa Ujerumani, Mwanamfalme Roland Bonaparte wa Ufaransa na Harry Fielding Reid wa Marekani. Ikumbukwe kwamba huu ulikuwa wakati ambapo Ufaransa na Ujerumani zilikuwa bado na kinyongo cha vita vya 1870 na 1871, na mataifa ya Ulaya yaling'ang'ania makoloni duniani kote. Kukubaliana kubadilishana takwimu bila malipo halikuwa jambo dogo.

Ripoti ya kwanza ilitoka mwaka 1895, na nyingine zikafuata kila mwaka hadi Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914. Forel alistaafu ualimu mwaka ule ule wa 1895 ili aelekeze nguvu zake zote katika utafiti.

Alikuwa na matumaini maalumu kuhusu kazi hiyo. Wakati huo, Eduard Brückner alikuwa ameeleza kwamba tabianchi huzunguka kwa vipindi vya takriban miaka 35. Forel alitarajia kwamba barafu nazo zingeonyesha mzunguko wa kwenda mbele na kurudi nyuma, na kwamba ulinganisho wa nchi mbalimbali ungefichua sheria yake na pengine chanzo cha enzi za kale za barafu.

Matarajio hayo hayakutimia. Barafu hazikurudi kama pendulo. Kadiri miaka ilivyosonga, takwimu zilionyesha kuwa barafu za mabara yote zilikuwa zikipungua, na kasi hiyo ikaongezeka mwishoni mwa karne ya 20. Mwenye kupima alikuwa amekisia vingine, lakini kwa sababu alisisitiza vipimo viandikwe kama vilivyo, daftari lake lilibaki na thamani hata baada ya kisio lake kuanguka.

Sambamba na kazi hiyo, Forel aliandika kitabu chake kikubwa kiitwacho Le Léman, kilichotoka katika juzuu tatu mnamo 1892, 1895 na 1904. Humo alikusanya kila alichojua kuhusu ziwa hilo, kuanzia miamba, upepo, joto, mwanga na kemia ya maji, hadi samaki, uvuvi, usafiri na historia ya watu wa ufuoni. Mwaka 1901 alitoa pia kitabu cha mafunzo kwa Kijerumani kuhusu elimu ya maziwa.

Alifariki Agosti 1912 huko huko Morges alikozaliwa, akiwa na umri wa miaka 71. Majira hayo hayo ya joto, msafara wa Waswisi ulioongozwa na Alfred de Quervain ulikuwa ukivuka Greenland. Mlima mmoja wa huko, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,300, ulipewa jina la Forel. Miaka mingi baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970, nyambizi ya utafiti iliyojengwa na Jacques Piccard ilipewa pia jina lake, ikawa inateremka katika vilindi vile vile alivyovichunguza kwa ndoo na kamba.

Tume aliyoiongoza nusura ife wakati wa vita, lakini Paul-Louis Mercanton, Mswisi aliyekuwa katika msafara huo wa Greenland, alikuwa miongoni mwa walioiendeleza kazi hiyo. Mnamo 1967 kukaundwa huduma ya kudumu ya kukusanya takwimu za mabadiliko ya barafu, na mwaka 1986 ikazaliwa Huduma ya Dunia ya Ufuatiliaji wa Barafu, yenye makao yake Zurich, mji ule ule ulikoanzia safari hiyo. Huduma hiyo hukusanya takwimu hadi leo.

Utaratibu huo wa vituo vingi, njia moja na daftari la pamoja ulienea pia katika maji ya mito na maziwa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP), ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilianzisha pamoja na mashirika mengine ya umoja huo mpango wa kufuatilia ubora wa maji baridi duniani mnamo 1978. Mnamo 1996 kukaanzishwa mfumo wa kuratibu uchunguzi wa mazingira ya nchi kavu, ukisimamiwa na mashirika ya kimataifa kadhaa.

Kenya imo katika daftari hilo la barafu. Barafu ya Lewis katika Mlima Kenya, iliyopewa jina hilo na mwanajiolojia John Walter Gregory mwaka 1893, ni mojawapo ya barafu za ukanda wa tropiki zilizopimwa kwa kina zaidi. Ilichorwa ramani mwaka 1934 na ikapimwa mara nyingi baadaye. Mwishoni mwa karne ya 19, mlima huo ulikuwa na barafu 18. Nyingi zimetoweka kabisa, na zilizobaki ni vipande vinavyozidi kusinyaa.

Lau wapimaji wa awali wasingeziweka alama zao, kizazi cha sasa kingebaki kubishana kuhusu kumbukumbu za wazee na picha chache zilizochakaa. Sasa kinajua barafu ilifika wapi, mwaka gani, na imepungua kwa kiasi gani. Kwa jamii zinazotegemea mito inayoanzia milimani, ujuzi huo ndio mwanzo wa kupanga ugavi wa maji.

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kuhifadhi Barafu, na Machi 21 ikawa siku ya kuziadhimisha kila mwaka. Uswisi yenyewe ilipoteza takriban asilimia 10 ya ujazo wa barafu zake katika miaka miwili pekee, 2022 na 2023.

Takwimu hiyo ilipatikana kwa sababu milimani bado kuna watu wanaorejea kila mwaka kwenye vituo vile vile. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba alichoanza kukijaza daktari huyo wa Morges hakijafunikwa. Kitaendelea kuwa na manufaa maadamu kila nchi, ikiwemo ile iliyobakiwa na kipande kimoja tu cha barafu, haitachoka kupima na kuandika.